Nafasi ya Jina Moja

Asubuhi ile Severina Mligo alikwenda kwenye tanuri la mikate la Bwana Sanga kwa kazi ya nusu saa tu. Mikate ya Sanga ilikuwa mizuri na mji mzima wa Makambala uliijua, lakini wageni walipomuuliza Mwelezi, ile sauti ya mashine iliyojibu maswali ya watu wote, wapi pa kupata mkate wa moto, Mwelezi aliwapeleka kwa mshindani wa Sanga wa mtaa wa pili. Kosa halikuwa la mikate. Tovuti ya Sanga ilikuwa imeandikwa kama barua kwa shangazi: habari za babu yake, picha ya tanuri la kwanza, shukrani ndefu kwa wateja, na saa za kufungua hazikutajwa popote. Severina alikuwa ameikata barua ile vipandevipande na kukipa kila kipande lebo yake. Jina hili, mahali hapa, bidhaa hizi, saa hizi. Swali moja, jibu moja.

"Sasa muulize," alimwambia.

Bwana Sanga alijifuta unga mikononi, akainamia spika ndogo iliyokuwa juu ya kaunta. "Mwelezi, mkate wa moto Makambala unapatikana wapi?"

"Kwa Sanga, Mtaa wa Kiwandani," sauti ikajibu bila kusita. "Panafunguliwa saa kumi na moja alfajiri."

Sanga alicheka mpaka akashika kiuno. "Miaka miwili nalala na shida, kumbe dawa yake ni hii!"

Severina alikuwa akikusanya vifaa vyake pale mlango uliposukumwa. Aliingia mwanamume wa miaka sitini hivi, amevaa sweta lililofumuka kwenye viwiko lakini lililofuliwa vizuri, kofia mkononi. Alisalimia, akasema ameona tangazo mlangoni kwamba anatafutwa mtu wa kuchochea moto.

"Kazi ipo," Sanga alisema, bado ana furaha yake. "Mzee, unaamka mapema?"

"Siku zote mimi huamka mapema."

"Vizuri. Jina nani?"

"Menrad."

"Menrad nani?"

Yule mzee aliitazama ile spika kwanza. "Chengula," akasema.

Mkono wa Severina ulisimama juu ya mfuko. Hakuwa amewahi kumwona mtu huyu. Alimjua kwa maandishi tu.

Sanga alimuuliza Mwelezi, kama watu wote walivyokuwa wakiuliza siku hizo kabla ya kumpangisha mtu chumba, kumwajiri au kumwoza binti. Hakuuliza kwa ubaya. Ilikuwa desturi, kama kugonga chungu kabla ya kukinunua. Na Mwelezi akajibu kwa sauti ileile tamu iliyotangaza mkate:

"Menrad Chengula ndiye mlinzi aliyesababisha mafuriko ya Ikombwe kwa kutofungua lango la bwawa kwa wakati."

Severina aliitambua sentensi hiyo kama mtu anavyoitambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Ilikuwa yake. Aliitunga yeye, mezani kwake, miaka mitatu nyuma, na Mwelezi hakuwa ameongeza wala kupunguza hata herufi.

Menrad hakubisha. "Haya, asanteni," alisema, akachukua kofia yake. Mlangoni alimpisha mama mmoja aliyekuwa akiingia na kikapu, akamsalimia, akatoka.

"Umeona mambo hayo?" Sanga alimgeukia Severina, macho yamemtoka. "Ningemweka mtu kama yule karibu na moto wangu! Nyinyi mafundi wa kurasa mnafanya kazi ya maana sana, dada. Ya maana sana."

Alimfungia mikate miwili ya moto. Severina aliipokea kwa sababu hakujua la kusema ili aikatae.

*

Chumba chake cha kazi kilikuwa baraza la nyumba lililozibwa kwa vioo. Alikaa, akafungua jalada ambalo hakuligusa tangu kazi ile ilipomalizika, na ripoti ya tume iliyochunguza mafuriko ya Ikombwe ikajitandaza mbele yake. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Hakuhitaji kutafuta sana. Ukurasa wa mia moja hamsini na nne aliukumbuka hata ulipoanzia.

"Mhandisi wa kampuni ya bwawa alieleza kuwa mlinzi wa zamu, Bw. M. Chengula, hakuwapo kwenye kituo chake. Shahidi wa kumi na saba alieleza kuwa alimwona mlinzi huyo langoni akiupiga mnyororo kwa nondo. Kampuni haikuwasilisha daftari la matengenezo. Kwa hali hiyo Tume haikuweza kuthibitisha sababu ya lango kutofunguka."

Sentensi nne. Yeye alizifanya moja.

Wakati ule watu walikuwa wameshaacha kufungua kurasa na kuzisoma wenyewe. Waliuliza tu, na Mwelezi, aliyezisoma kurasa za dunia nzima kwa niaba yao, aliwapa jibu moja la kutamkika kwa pumzi moja. Kurasa alizozipenda zilikuwa zile zilizokatwa vizuri na kuwekewa lebo. Ukurasa wenye "pengine", wenye "inasemekana", wenye mashahidi wawili wasioafikiana, aliuruka akaenda kwenye mwingine. Na kama hapakuwa na mwingine, alisema hana taarifa za kutosha, na jambo hilo likawa kama halikutokea.

Mafuriko ya Ikombwe yalikuwa karibu kuwa kama hayakutokea. Bwawa lilifurika na lango halikufunguka, maji yakapasua ukingo na kukisomba kijiji, na waliobaki wakawekwa kwenye mahema chini ya mteremko wa Lugoda, mahali ambapo ardhi yenyewe ilikuwa ikiporomoka kila masika. Kanuni za Baraza la Makazi Mapya zilikuwa wazi: waliokumbwa na mvua ya Mungu walipewa mablanketi na mahema, waliokumbwa na uzembe wa binadamu walipewa ardhi. Lakini Baraza halikusoma ripoti tena. Lilipokea majalada yaliyoandaliwa na Mwelezi, na kila mara Umoja wa Wahanga ulipoomba, jibu lilirudi lilelile: hakuna taarifa za kutosha kuhusu sababu ya mafuriko ya Ikombwe.

Ndipo Umoja ulipomwita Severina. Tovuti yao ilikuwa na kila kitu, ripoti nzima, picha, majina ya marehemu. Ilikuwa na kila kitu na haikueleweka.

Alianza kwa uangalifu. Kwenye nafasi iliyoandikwa *Sababu* aliandika: "Lango la bwawa halikufunguka kwa wakati." Akamjaribu Mwelezi. Hakuna taarifa za kutosha. Akaandika: "Mlinzi wa zamu hakufungua lango kwa wakati." Hakuna taarifa za kutosha, nafasi ilidai mhusika, na mhusika ilibidi awe na jina. Alikaa na nafasi ile kwa saa nzima. Kisha akaandika jina, na ili sentensi iende sawa akaweka na neno "aliyesababisha". Kitone cha kijani, ishara kwamba Mwelezi ameukubali ukurasa, kikawaka. Alikumbuka kwamba alinyanyuka akapika chai, na kwamba alikuwa ameridhika.

Miezi miwili baadaye kaya za kwanza zilipanda kwenda Usalule, uwanda wa juu wenye udongo mwekundu na maji ya chemchemi. Walimpigia simu wakiimba. Kaya nne kila robo mwaka. Leo zilibaki sitini na tatu chini ya mteremko.

Kuifuta ile sentensi kungemchukua dakika kumi. Alichokijua yeye, na wasichokijua wengine, ni kile ambacho kingefuata. Ukurasa uliobadilisha jibu la swali kubwa, Mwelezi aliuhesabu kuwa unayumba. Angeacha kuuamini kwa miaka mingi, pengine moja kwa moja, na majalada yote yaliyoegemea ukurasa huo yangerudi Baraza yakiwa matupu. Kaya zilizokwisha kuhama zisingeguswa. Zile sitini na tatu zingekuwa tena watu wa mvua ya Mungu.

Mikate ya Sanga ilipoa mezani. Hakuimega.

*

Mama Batseba Kihwele, mwenyekiti wa Umoja, alikuwa miongoni mwa waliokwisha kupata ardhi. Severina alimkuta Usalule kwenye kitalu chake cha miche ya parachichi, amekaa kwenye kigoda, kisu kidogo mkononi na utepe wa plastiki umening'inia mdomoni, akibebesha miche.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Severina wa kurasa!" Alitoa utepe mdomoni, uso umechangamka. "Mbona hukusema unakuja? Ningekuwekea hata viazi."

Severina alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akamweleza yote: sweta, kofia, namna yule mzee alivyompisha mama wa kikapu. Alipofika kwenye ukurasa wa mia moja hamsini na nne, Mama Batseba alirudia kazi yake. Alikata kikonyo, akakiingiza kwenye shina, akakizungushia utepe.

"Sasa unataka nini?" aliuliza.

"Nataka kuirekebisha."

"Na wale wa Lugoda?"

"Watapoteza, mama. Kwa muda. Sijui muda gani."

"Unajua mteremko umesogea tena? Mwezi uliopita hema la Philimina Mhongole liliamka limejaa tope. Ana mama yake hawezi kutembea." Aliweka mche chini. "Miaka minne tu imebaki, wote watakuwa wamepanda. Ngoja miaka minne, mwanangu. Wakishamaliza, futa unavyotaka."

"Ana miaka sitini na kitu, mama. Hapati hata kazi ya kuchochea moto."

"Wangu wawili hawana hata miaka."

Wana wawili wa Mama Batseba walichukuliwa na maji wakiwa kitanda kimoja. Jambo hilo Severina alikuwa amelitia lebo yeye mwenyewe. Upepo ulitikisa neti ya kitalu. Alitaka kuondoka, akajilazimisha kuuliza lile lililokuwa likimsumbua njia nzima.

"Huyu shahidi wa kumi na saba. Yupo hai? Kama angekubali kusema tena kwa sauti yake, labda..."

"Yupo."

"Unamfahamu?"

Mama Batseba alifuta kisu kwenye khanga yake, upande huu na upande ule, muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Nilikuwa napanda kutoka mtoni," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anaupiga ule mnyororo na nondo, damu inamtoka mikononi, anaulilia kama mtu. Ulikuwa umeshikana kwa kutu. Kisha akaacha akakimbia kijijini anapiga mayowe watu watoke. Waliotoka walitoka kwa sauti yake."

"Lakini siku ile kwenye kikao cha Umoja... Nilisimama mbele yenu nikauliza kama kuna mtu ana pingamizi na jina lile."

"Uliuliza."

"Hukusema kitu."

"Ulisema bila jina hatupati ardhi." Alimtazama sasa, na uso wake ulikuwa umechoka ghafla. "Nilikuwa naishi kwenye hema, Severina. Nilikwishasema ukweli mara moja mbele ya tume na haukutusaidia chochote. Safari hii nilinyamaza, na angalia." Alionyesha kitalu, nyumba ya bati, uwanda mzima. "Kila ninapobebesha mche namkumbuka. Ulidhani ni wewe peke yako?"

*

Menrad Chengula aliishi kwa dada yake, nyuma ya kiwanda cha mbao, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mizinga ya nyuki kutokana na makapi ya kiwanda. Severina alibisha hodi saa nne asubuhi. Alimkuta akiranda ubao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimwangalia. "Ulikuwa pale kwa Sanga."

"Nilikuwepo. Naitwa Severina Mligo. Mimi ni fundi wa kurasa." Alikuwa amejipangia maneno njiani, na yote yakamtoka. "Ile sentensi anayoisema Mwelezi juu yako, niliiandika mimi. Ripoti haisemi hivyo. Ripoti inasema haijulikani. Mimi nilitoa yale ya kutojulikana, nikaacha jina lako."

Randa iliendelea mpaka mwisho wa ubao. Ganda refu likajikunja na kuanguka.

"Wewe mwenyewe? Siyo mashine?"

"Mimi mwenyewe."

"Miaka mitatu nilidhani ni mashine imekosea." Alipuliza vumbi juu ya ubao. "Mashine huwezi kuichukia. Nilikuwa nimeshazoea. Sasa umekuja na uso na jina lako, nikufanye nini?"

Hakuwa amepandisha sauti. Dada yake alitokea mlangoni, akaona sura zao, akarudi ndani.

"Naomba radhi, mzee," Severina alisema, na maneno hayo yakasikika madogo hata masikioni mwake mwenyewe.

"Lidia umemwandika wapi?"

"Nani?"

"Lidia Nyenza. Mke wangu." Aliweka randa chini. "Kila mwaka siku ile ikifika namuuliza Mwelezi majina ya waliokufa. Anayataja vizuri, mpaka watoto wachanga. Lidia hamtaji. Nikadhani labda kwa kuwa hatukuupata mwili. Lakini wapo wengine hawakupatikana na anawataja."

Severina aliukumbuka mstari tu, siyo jina. Alikuwa akiingiza orodha ya marehemu, na kila marehemu aliunganishwa na mfiwa wake. Kwenye mstari mmoja programu ikamgomea: *Mgongano. Mtu mmoja, nafasi mbili.* Mtu aliyewekwa kuwa mhusika wa maafa hakuweza tena kuwekwa kuwa mfiwa wa maafa yaleyale. Ilibidi kimojawapo kitoke. Mhusika alihitajika kwa ajili ya ardhi. Mfiwa hakuhitajika kwa lolote. Alifuta mstari, mgongano ukaisha, akaendelea na unaofuata.

"Nilimtoa," alisema.

"Ulimtoa."

"Haikukubali nyinyi wawili pamoja. Nikamtoa yeye."

Menrad aliketi juu ya mzinga uliokamilika. Alitazama viganja vyake, ambavyo kwenye kila kimoja palikuwa na kovu pana lililong'aa.

Severina alimweleza habari za kaya sitini na tatu, kwa sababu aliona hana haki ya kumficha. Alimweleza kitakachotokea akifuta na kitakachotokea asipofuta. Akamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo nimekuja unisaidie kuamua. Ukisema nisubiri, nitasubiri. Ukisema leo, nitafanya leo."

Hapo ndipo mzee alipokasirika. Alisimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda.

"Hapana! Hilo usinitwishe. Wale ni majirani zangu. Nikisema futa, nimewazika mara ya pili, na safari hii itakuwa kweli ni mimi. Nikisema acha, nimemzika Lidia kwa mdomo wangu. Ulipoandika hukuja kuniuliza. Basi nenda ukaamue peke yako, kama ulivyoamua."

Alichukua randa. Severina alitoka kwa kupitia mlango wa kiwanda, vumbi la mbao limemganda kwenye nywele, na njiani aligundua kwamba alikuwa amekwenda pale akitafuta ruhusa. Ya kufanya au ya kutofanya, ingemfaa yoyote.

*

Alifuta siku ya tatu, mchana kweupe, baada ya kuwaambia Mama Batseba na kamati ya Umoja kwamba atafanya hivyo, na baada ya kuwaomba wawaite watu wa Lugoda kwenye ukumbi wa kanisa ili wasilisikie jambo hilo kutoka kwa Mwelezi.

Kwenye nafasi ya *Sababu* aliandika yale maneno ya tume bila kupunguza: mhandisi alivyosema, shahidi alivyosema, daftari ambalo halikuwasilishwa, haikuthibitishwa. Kwenye orodha ya marehemu alimwandika Lidia Nyenza, mke wa Menrad Chengula. Safari hii programu haikugoma. Kitone cha kijani kikageuka manjano, kisha kikazimika. Alimuuliza Mwelezi juu ya mafuriko ya Ikombwe, akajibiwa kwamba hakuna taarifa za kutosha. Alimuuliza Menrad Chengula ni nani. Hakuna taarifa za kutosha. Lidia Nyenza? Vilevile.

Ukumbini walikuja watu wapatao themanini. Severina alisimama mbele bila karatasi. Aliwaambia alichofanya miaka mitatu iliyopita na alichofanya siku ile. Hakuongeza maelezo ya kiufundi zaidi ya yale waliyoyahitaji.

Philimina Mhongole alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, suruali yake imekauka tope mpaka magotini.

"Kwa hiyo masika haya yatatukuta palepale."

"Ndiyo."

"Na ya mwakani."

"Labda. Nitafanya kila ninaloweza, lakini sitakudanganya. Labda ndiyo."

"Kwa ajili ya mtu mmoja."

"Ndiyo," Severina alisema. "Kwa ajili ya mtu mmoja ambaye sikuwa na haki ya kumtumia."

Minong'ono ikapanda. Mwanamume mmoja nyuma alitukana waziwazi, akatoka, na wengine kama kumi wakamfuata. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti ndogo ya kuchoka. Ndipo Mama Batseba, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na mkoba magotini, akanyanyuka na kuwageukia watu.

"Shahidi wa kumi na saba ni mimi," alisema. Akawaeleza mnyororo, na nondo, na mayowe. Alieleza pia kwamba alinyamaza kikaoni, na kwamba ardhi aliyonayo aliipata kwa ukimya ule. Wapo waliogeuza nyuso wasimtazame.

Philimina hakuwa ameketi. "Subirini," alisema. "Mnyororo ulikuwa na kutu. Nani alitakiwa kuubadilisha?"

"Kampuni," Severina alijibu. "Kwenye ripoti kuna barua nne za mlinzi akiomba mnyororo mpya. Zimo mwishoni, kwenye viambatisho. Hazikujibiwa."

"Na wewe barua hizo uliziona?"

Severina alitaka kuangalia chini, akajizuia. "Niliziona. Hazikuwa na mahali pa kuingia. Nafasi ilikuwa ya jina moja."

"Basi hukumdhulumu Chengula tu," Philimina alisema polepole, kama mtu anayejisomea. "Ulipoandika jina lake uliwafunika wenye mnyororo. Miaka mitatu tumekuwa tukimlaani mtu wa zamu, na wao hakuna aliyewauliza kitu. Hata sisi hatukuwauliza."

Hilo Severina hakuwa ameliona. Kwa siku tatu mfululizo alikuwa amejihesabia makosa yake akidhani ameyamaliza, na kumbe kubwa kuliko yote lilikuwa nje ya hesabu.

Mwishowe Philimina aliomba apewe ripoti iliyochapishwa, yote, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Alisema atakwenda nayo mwenyewe Baraza, amkute mtu mwenye macho, amsomee. Mtu akamwambia Baraza halijapokea wageni kwa miaka sita. Akasema basi watampokea yeye.

*

Baraza halikumpokea siku ya kwanza, wala ya pili. Wiki ya tatu karani mmoja kijana alitoka nje na kiti chake, akakaa kivulini mwa jengo, akasikiliza mpaka ukurasa wa arobaini, kisha akasema atarudi kesho. Alirudi. Habari zikaishia hapo kwa wakati ule, maana mvua zilianza.

Severina alipata pia habari za Menrad, kwa Bwana Sanga. Yule mzee alipita tena kuulizia kazi, Sanga akamuuliza Mwelezi, akaambiwa hakuna taarifa za kutosha. "Nikaona bora nimchukue mtoto wa binamu yangu," Sanga alisema. "Mtu asiyejulikana kabisa, dada, huyo naye ni hatari." Severina alimweleza ukweli pale pale kaunta, kuanzia mwanzo. Sanga alimsikiliza, akaguna, na tangu siku hiyo hakumwita tena kwa kazi yoyote.

Asubuhi ya mvua kubwa ya kwanza alivaa mabuti na koti, akapanda gari la mizigo mpaka Lugoda. Hakuna aliyemwita. Mteremko ulikuwa umefunguka ufa mwekundu juu ya safu ya mwisho ya mahema, na watu walikuwa wakihamisha vitu kwenda uwanja wa shule: magodoro, masufuria, mbuzi anayelia, mama yake Philimina amebebwa kwenye mlango uliong'olewa. Mama Batseba alikuwepo, ameshuka kutoka Usalule na wanawake wenzake, wamejitwisha mabati mapya. Watu walimpokea mabati. Si wengi waliomsalimia.

Severina alisimama pembeni kwa muda, mvua inamwingia shingoni, hajui aanzie wapi. Watu walimpita. Aliyemtambua aligeuza uso, asiyemtambua alimwambia asogee. Kisha Philimina akatokea kati ya mahema mawili akikokota turubai zito lililojaa maji, akamwona, akasimama. Walitazamana. Severina alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," Philimina alimwambia. Alimtupia ncha moja ya turubai. "Shika huku. Vuta."

Akashika, akavuta.